Wasomaji Wanauliza: Vumbi la Rangi Kuukuu na Madini ya Risasi

Mwezi huu zimetufikia barua tatu zinazouliza jambo linalokaribiana, nasi tumezijibu pamoja. Majina ya waandishi tumeyahifadhi. Kwa ambao neno hili si la kila siku kwao, risasi inayozungumzwa hapa ni yale madini mazito, laini, ya rangi ya kijivu, ambayo kwa miongo mingi yalichanganywa kwenye rangi za mafuta na rangi za kuzuia kutu. Ile ya bunduki ndiyo iliyochukua jina lake kwa madini haya.

SWALI: Mimi ni fomeni kwenye kazi ya kukarabati ghala la zamani la kahawa hapa Arusha. Kenchi za chuma zimepakwa rangi nyekundu kwa chini na njano juu yake, na fremu za milango na madirisha zina tabaka nyingi za rangi ya mafuta. Mafundi wanane wanakwangua na kupiga msasa, na wengine wawili wanakata kenchi kwa gesi. Mwenye jengo alidai ifanyike tathmini ya madini ya risasi. Akaja mtaalamu mmoja, akaweka kifaa chake juu ya meza ya ofisi yangu kwa muda wa saa moja, akaondoka, na ripoti yake inasema hewa ni salama. Fundi wangu mmoja, mzee wa kazi, ananiambia nisiiamini ripoti hiyo. Ni yupi kati yao aliye sahihi?
(Fomeni, Arusha)

JIBU: Fundi wako mzee ndiye aliye sahihi, ndugu fomeni. Kifaa kile kilipima hewa ya meza yako. Wanaotakiwa kujulikana habari zao ni wale wanane wenye msasa na wale wawili wenye gesi, na hakuna hata mmoja wao aliyefanya kazi yake juu ya meza hiyo.

Tuanze na kazi zenyewe, kwa sababu rangi yenye risasi iliyotulia ukutani, isiyobanduka wala kuguswa, haimpi mtu madhara makubwa siku ile anayopita kando yake. Madhara huja kwa namna inavyoguswa. Kukwangua kwa mkono hutoa magamba na vumbi zito kiasi. Msasa wa mashine na grainda hutoa vumbi laini linaloelea na kuingia mapafuni. Na moto wa gesi huigeuza rangi kuwa moshi wenye chembe ndogo kuliko vumbi lolote. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi joto 327 tu, ilhali ndimi za moto wa gesi ya kukatia hupita nyuzi 3,000. Kwa hiyo mafundi wako wawili wa gesi, hata wakiwa wachache na hata wakikata kwa dakika chache kila mara, ndio wa kwanza kuhofiwa, na ndio ambao ningewatazama kabla sijafungua sanduku la vifaa vyangu.

Marekani wana kanuni ya mwaka 1993 inayohusu risasi kwenye kazi za ujenzi peke yake, nami huipenda kwa sababu moja: haimruhusu mwajiri kusubiri majibu ya maabara ndipo aanze kuwakinga watu. (Mamlaka inayoisimamia inaitwa OSHA, kama ilivyo ile ya kwetu ya usalama na afya mahali pa kazi; ni vyombo viwili tofauti vilivyofanana ufupisho tu, na nimeshaona ripoti zilizovichanganya.) Kikomo chao ni mikrogramu 50 za risasi katika kila mita moja ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa saa 8 za kazi, na hatua kadhaa, zikiwemo vipimo vya damu, huanza kudaiwa tangu mikrogramu 30. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu, kwa hiyo tunazungumzia vumbi ambalo jicho halilioni. Mpaka vipimo vithibitishe vinginevyo, kanuni hiyo inamtaka mwajiri ahesabu kwamba anayekwangua au kupiga msasa kwa mkono rangi yenye risasi, anayebomoa, na anayelainisha rangi kwa bunduki ya joto, amevuka kikomo, na anaweza kukivuka mpaka mara 10. Anayekata au kuchomelea chuma kilichopakwa rangi hiyo, pamoja na anayekisafisha kwa kupuliza mchanga, huhesabiwa kuwa kwenye hewa iliyozidi mikrogramu 2,500, yaani zaidi ya mara 50 ya kikomo. Ndiyo maana kwa mafundi wa gesi sifikirii kwanza barakoa. Nafikiria kuondoa moto. Kenchi ikatwe kwa msumeno au ifunguliwe bolti zake, na pale ambapo moto hauepukiki, rangi iondolewe kwanza walau sentimita 10 kila upande wa mahali pa kukatia, kwa njia isiyotimua vumbi.

Sasa kuhusu rangi yenyewe. Ile nyekundu ya chini inaweza kuwa rangi ya oksidi ya chuma, ambayo mafundi wengi huiita redi oksaidi na ambayo haina haja ya kuwa na risasi hata kidogo, na inaweza pia kuwa ile rangi nyekundu ya kale ya kuzuia kutu iliyotengenezwa kwa risasi yenyewe na kupakwa sana kwenye madaraja na vyuma vya majengo. Kwa macho huwezi kuzitofautisha kwa uhakika. Rangi ya njano nayo ina mashaka yake, kwa kuwa njano na chungwa nyingi za viwandani zilipata rangi yao kutokana na kromati ya risasi. Zipo dawa za kupaka juu ya rangi ambazo hugeuka nyekundu au waridi zikikuta risasi, lakini ukizitumia kwenye rangi nyekundu ni rahisi kujidanganya, na zisipofika kwenye tabaka la chini kabisa zitakuambia hakuna kitu. Iliyo bora ni kuchukua kipande cha rangi, mraba wa sentimita 5 hivi kila upande, chenye tabaka zote mpaka kwenye chuma au mbao, na kukipeleka maabara. Usichimbe plasta nyingi pamoja nacho, maana uzito wa plasta hupunguza asilimia ya risasi kwenye majibu na kuifanya rangi mbaya ionekane njema. Kipo pia kifaa cha mkononi kinachosoma risasi kwa mionzi bila kubandua chochote. Hicho ni chanzo cha mionzi, na matumizi yake yanasimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, ambayo kwa bahati yenu ina ofisi na maabara Njiro; anayekuja nacho mwombe kibali chake kabla ya kumwonyesha kenchi.

Kipimo cha hewa kilicho sahihi huvaliwa na mfanyakazi. Pampu ndogo hufungwa kiunoni, mpira wake hupita mgongoni, na kichujio hubanwa kwenye kola ya shati, kisichozidi sentimita 30 kutoka pua na mdomo. Hukaa hapo kwa muda wote wa kazi, au kwa muda unaoiwakilisha siku nzima, naye mpimaji huandika daftarini kila alichofanya mtu huyo: alikwangua saa ngapi, alitumia grainda dakika ngapi, upepo ulitoka wapi, madirisha yalikuwa wazi au la. Bila daftari hilo namba itakayotoka maabara ni yatima. Huchaguliwa kwanza anayeonekana kukumbana na vumbi zaidi kuliko wenzake katika kila aina ya kazi. Kumpima mpishi na mlinzi ili wastani ushuke ni ujanja ambao mkaguzi mzoefu huubaini mara moja.

Nikupe mfano wa hesabu, kwa sababu ripoti nyingi huficha udhaifu wao hapo. Pampu inavuta lita 2 kwa dakika. Fundi amepiga msasa kwa saa mbili na nusu, yaani dakika 150, na pampu imevuta lita 300, ambazo ni mita za ujazo 0.3. Maabara imekuta mikrogramu 36 za risasi kwenye kichujio. Gawanya 36 kwa 0.3 upate mikrogramu 120 kwa mita ya ujazo. Ikiwa saa tano na nusu zilizobaki alikuwa mahali pasipo na risasi kabisa, wastani wake wa saa 8 ni 120 mara 2.5 gawanya kwa 8, yaani 37.5. Amevuka 30, hajavuka 50. Lakini siku akipiga msasa kwa saa nne badala ya mbili na nusu, wastani unafika 60, na kila kitu kinabadilika ingawa rangi ni ile ile na msasa ni ule ule. Ripoti isiyosema muda wa kazi haiwezi kusema neno "salama".

Mambo mawili ya Arusha yasisahaulike. Mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hiyo pampu iliyowekwa sawa Dar es Salaam haina budi kuwekwa sawa tena hapo hapo kazini, kabla na baada ya kupima. Jambo la pili ni majira: kipimo kilichofanyika siku ya mvua za masika, magamba yakiwa yamelowa, hakimsemei fundi atakayepiga msasa mwezi Februari vumbi likiwa kavu, wala yule wa Julai anayefunga madirisha kwa sababu ya baridi ya asubuhi.

Tena hewa si njia pekee. Nimewahi kuona vipimo vya hewa vizuri kabisa na damu mbaya kwa mtu yule yule, na sababu ilikuwa chapati iliyoliwa kwa mikono ya vumbi, au sigara. Tathmini iliyokamilika hutazama mikono, mahali pa kulia, vipini vya vifaa, na kiti cha gari linalowarudisha watu nyumbani, kwa kufuta eneo lililopimwa kwa kitambaa maalumu na kukipeleka maabara. Kisha huja damu. Huchukuliwa kwenye mshipa, si kwa kuchoma ncha ya kidole, maana kidole cha fundi rangi kina risasi juu yake hata baada ya kuoshwa. Na chupa iwe ile isiyo na chembe za madini. Damu ya kwanza ichukuliwe kabla mtu hajaanza kazi hiyo, la sivyo hutajua alikuja nayo au aliipata kwako. Risasi hukaa kwenye damu kwa wiki chache, ikipungua karibu nusu kila mwezi mmoja iwapo mtu ameondolewa kwenye chanzo, lakini kwenye mifupa hukaa kwa miongo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linasema mtu yeyote mwenye mikrogramu 5 au zaidi katika desilita moja (sehemu ya kumi ya lita) ya damu atafutiwe chanzo na kiondolewe. Kanuni ile ya Marekani ya ujenzi humwondoa mfanyakazi kazini damu ikifika mikrogramu 50 kwa desilita, na kwa maoni yangu hiyo ni kuchelewa mno. Usiifanye kuwa lengo lako.

Gharama ni za mwajiri. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inadai tathmini ya hatari na uchunguzi wa afya kwa wafanyakazi, na OSHA wana ofisi ya Kanda ya Kaskazini hapo hapo Arusha. Mpelekee mwenye jengo ripoti ile na umwulize maswali mawili tu: kichujio kilikuwa kwenye kola ya nani, na mtu huyo alikuwa akifanya nini. Wakati anatafuta majibu, simamisha gesi na msasa wa mashine, lowesha rangi kabla ya kukwangua, tandika turubai chini, kataza kufagia vumbi kavu na kulipuliza kwa kompresa, na weka maji na sabuni mahali ambapo mtu hawezi kufika kwenye chakula bila kuvipita.

SWALI: Shikamoo daktari. Mume wangu ni fundi rangi hapa Moshi na kwa miezi minne sasa anafanya kazi kwenye nyumba za zamani za enzi za reli. Anarudi nyumbani na nguo za kazi, watoto wanamkimbilia, na mimi ndiye ninayezifua. Amekuwa mwepesi wa hasira, tumbo linamsokota, na haendi haja vizuri. Amepimwa malaria mara mbili, hana, akapewa dawa za vidonda vya tumbo, hajapona. Nina mimba ya miezi mitano. Je, tuna sababu ya kuogopa?
(Mama wa watoto wawili, Pasua, Moshi)

JIBU: Marahaba, mama. Mimi si daktari wa kutibu. Kazi yangu ni kupima mazingira ya kazi, kwa hiyo ninayokuambia uyapeleke kwa daktari wenu bila kukawia.

Dalili ulizozitaja, yaani tumbo kusokota, choo kigumu, hasira na uchovu, zinaweza kuletwa na mambo mengi, na risasi ni mojawapo ambayo huku kwetu haiulizwi sana. Vipimo vya malaria na vya tumbo haviwezi kuionyesha. Mume wako amweleze daktari kazi yake kwa maneno kamili: "Nakwangua rangi za zamani, napiga msasa, kwa miezi minne", na aombe kipimo cha kiasi cha risasi katika damu. Hapo Moshi mna hospitali ya rufaa ya KCMC, na ndiko ambako daktari wenu anaweza kuwaelekeza ikiwa kituo mnachokwenda hakina uwezo huo. Wewe nawe umweleze mkunga wako kliniki, kwa sababu risasi hupita kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto aliye tumboni, na ile iliyolala mifupani miaka mingi inaweza kurudi kwenye damu wakati wa ujauzito. Watoto wapimwe pia. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 ya mtu mzima, na huimeza kwa urahisi, kwa kuwa mikono yake huwa sakafuni na kisha mdomoni.

Tangu leo nguo za kazi zisiingie ndani. Avulie kazini, azifunge kwenye mfuko, avae nyingine, aoge na kuosha nywele kabla ya kubeba mtoto. Na kama kazini hakuna mahali pa kuogea, basi aogee nje ya nyumba akifika. Nguo hizo zisikung'utwe. Zifuliwe peke yake, na afue yeye mwenyewe, si wewe, mpaka utakapojifungua na majibu ya damu yatakapokuwa mkononi. Viatu vibaki mlangoni. Sakafu ifutwe kwa kitambaa chenye maji na sabuni badala ya fagio. Najua katika nyumba nyingi jambo la mume kujifulia litazua mjadala. Mwonyeshe ukurasa huu.

Ikithibitika kuwa ugonjwa umetokana na kazi, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ndio unaohusika, nao hulipa kwa ushahidi. Tunzeni majibu yote ya maabara, na aandike tarehe, nyumba alizofanyia kazi na jina la aliyemwajiri.

SWALI: Sisi mafundi rangi bosi hutupa maziwa nusu lita kila mtu baada ya kupiga msasa, ili yasafishe kifua. Barakoa zipo zile za hospitali. Inatosha?
(Kijana wa msasa, Ngarenaro)

JIBU: Maziwa ni chakula kizuri, kijana wangu, na mwenye upungufu wa madini ya chuma au kalsiamu hufyonza risasi zaidi tumboni, kwa hiyo kula vizuri kuna faida. Lakini maziwa hayapiti mapafuni, na hakuna kinywaji kinachosafisha vumbi lililokwisha kuingia huko. Tena ukiyanywa kwa mikono ya vumbi, umeyafanya kuwa gari la kupeleka risasi tumboni.

Barakoa ya hospitali imetengenezwa kumzuia daktari asimtemee mgonjwa mate. Pembeni iko wazi na vumbi laini hupita humo. Unayohitaji kwa msasa wa mkono ni ile ya mpira inayofunika pua na mdomo, yenye vichujio vya daraja la P100, ambavyo mara nyingi hutambulika kwa rangi ya zambarau inayoelekea waridi. Ikikaa sawasawa usoni hufaa mpaka mara 10 ya kile kikomo cha Marekani, yaani mikrogramu 500 kwa mita ya ujazo ya hewa. Haikai sawasawa juu ya ndevu. Ijaribu hivi kila asubuhi: ziba vichujio kwa viganja, vuta pumzi taratibu, na kama barakoa inajibana usoni bila hewa kuingia, imekaa, hewa ikipenya kando, kaza mikanda au omba saizi nyingine. Mwambie bosi fedha ya maziwa aendelee kuitoa, na ya barakoa hiyo aitafute mahali pengine.